Kabla ya Kuibishia Ramani, Uliza Nani Alipima: Kisa cha Tobias Mayer

Agosti 2025 Umoja wa Afrika ulipounga mkono kampeni ya kuachana na ramani ya Mercator, gumzo la ramani lilitawala vijiweni kwa siku kadhaa. Wengi waligundua wakati huo kwamba Afrika ina eneo la kilomita za mraba milioni 30 hivi, na kwamba kisiwa cha Greenland kingeingia humo mara 14, ilhali kwenye ramani tuliyoizoea ukutani darasani viwili hivyo vinalingana kama mapacha. Kukasirika ni haki. Mimi mwenyewe nilikasirika.

Ila katika gumzo lile mambo mawili yalichanganywa yakawa moja. Nilisikia watu wakisema ramani zote za zamani ni uongo. Wengine wakasema mabaharia walichora walichokiona, na kisichoonekana wakakibuni. Ukweli una mikunjo zaidi ya hapo. Njia nzuri ya kuukunjua ni kumfuata mtu mmoja, Tobias Mayer, mchora ramani wa Kijerumani wa karne ya 18. Hakukanyaga Afrika, aliishi maisha yake yote katika miji ya bara mbali na bahari, na alifariki akiwa na miaka 39 tu. Lakini kila mji alioukuta kwenye ramani aliuulizia swali moja: nani alipima, na alipima vipi?

Ukubwa ni jambo moja, mahali ni jingine

Tuanze na ukubwa, maana hilo ni jepesi. Dunia ni mviringo, karatasi ni bapa. Menya chungwa, kisha ulazimishe ganda lilale sawasawa mezani. Ama litachanika, ama itabidi ulivute huku na kule. Kila ramani ya dunia nzima imevutwa mahali fulani. Mwaka 1569 Gerard Mercator alichagua kuvuta zaidi sehemu za karibu na ncha za dunia, ili nahodha anayefuata mwelekeo mmoja wa dira apate mstari ulionyooka kwenye karatasi. Alilipia faida hiyo kwa kuharibu ukubwa. Zipo namna nyingine za kutandaza zinazotunza ukubwa na kupinda maumbo. Huo ni uchaguzi, na sisi tuna kila haki ya kuchagua vingine.

Sasa njoo kwenye mahali. Hata ukichagua namna bora kabisa ya kutandaza, bado hujui nukta ya Mombasa uiweke wapi. Hilo halichaguliwi, hilo hupimwa. Kila mahali duniani pana anwani ya namba mbili. Ya kwanza ni latitudo, yaani umbali wa kwenda kaskazini au kusini kutoka ikweta. Ya pili ni longitudo, yaani umbali wa kwenda mashariki au magharibi kutoka mstari ambao watu wamekubaliana kuanzia kuhesabu. Leo mstari huo unapita Greenwich, London.

Latitudo haikuwa fumbo. Ukipima jua liko juu kiasi gani wakati wa adhuhuri, au Nyota ya Kaskazini iko juu kiasi gani usiku, umeipata. Manahodha wa majahazi katika Bahari ya Hindi walifanya hivyo kwa kibao kidogo chenye uzi wa mafundo, ambacho Waarabu hukiita kamal. Fundo moja kwa bandari moja: nyota ikilingana na ukingo wa kibao, umefika usawa wa kwenu.

Longitudo ndiyo iliyowatoa watu jasho. Mbingu zote huzunguka kwenda upande mmoja, kwa hiyo nyota zinazopita juu ya Mombasa ndizo zitakazopita, baadaye kidogo, juu ya mahali popote pa magharibi penye latitudo ileile. Neno la kushika hapa ni hilo "baadaye kidogo".

Futari ya Kigoma

Kila Ramadhani humpigia simu shangazi yangu aliyeolewa Kigoma. Mimi nikiwa Dar es Salaam nimeshafungua kwa tende na maji, yeye hunijibu, "Sisi bado, mwanangu. Jua liko juu ya ziwa." Saa yangu na yake zinasema mamoja, kwa sababu nchi nzima inatumia saa moja ya serikali. Jua halitumii saa ya serikali. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kila saa, au digrii moja kila dakika 4. Dar es Salaam iko karibu digrii 39.3 mashariki, Kigoma karibu 29.6. Zidisha tofauti hiyo kwa 4, unapata kama dakika 39. Hizo ndizo dakika ambazo shangazi anaendelea kuvumilia njaa baada yangu.

Geuza hesabu hiyo kichwa chini, na umelishika tatizo zima la karne ya 18. Ukijua tofauti ya saa za jua kati ya miji miwili, umejua tofauti ya longitudo. Lakini bila simu, utajuaje saa ya mji mwingine? Unahitaji kitu ambacho watu wa miji yote miwili wanakiona kwa wakati uleule hasa, kama mlio wa kengele unaosikika nchi nzima.

Kengele hiyo ipo. Tarehe 7 Septemba 2025, mwezi mmoja tu baada ya mjadala wa ramani, mwezi ulipatwa na Afrika Mashariki yote ikaushuhudia ukiiva mwekundu. Kivuli cha dunia kiliufunika wote saa mbili na nusu usiku. Kilipoufunika kwa aliyekuwa Dar es Salaam, kiliufunika kwa aliyekuwa Kigoma, bila kupishana hata sekunde, maana kilichotokea kilitokea mwezini kwenyewe. Sasa mwambie kila mmoja ahesabu muda tangu jua lilipozama kwake, kama wazee wa pwani walivyohesabu saa zao. Yule wa Dar es Salaam atakuwa na zaidi ya saa mbili, yule wa Kigoma saa moja na nusu hivi. Tofauti yao ni zile dakika 39. Watu wawili na mwezi uliopatwa, bila mashine yoyote ya ajabu, wameweka miji miwili mahali pake kwenye ramani.

Yatima aliyepima mji

Tobias Mayer alizaliwa Marbach, kusini mwa nchi tunayoiita leo Ujerumani, tarehe 17 Februari 1723. Nasema tunayoiita leo, kwa sababu wakati ule hapakuwa na taifa la Ujerumani. Palikuwa na mamia ya falme ndogo, miji huru na himaya za maaskofu, kila moja na mipaka yake. Msomaji wa Tanganyika ya zamani akisikia "ramani ya Mjerumani" moja kwa moja huwaza Berlin ya 1884, na hiyo ni kuchanganya zama. Mayer alikuwa amezikwa zaidi ya miaka 120 wakati huo. Kweli, elimu ya kupima ilikuja kutumiwa vibaya sana huku kwetu: mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walivuta mstari kutoka mdomo wa mto Umba hadi ziwani Viktoria, kwenye digrii moja kusini ya ikweta, bila kumuuliza Mmasai wala Mdigo. Ubaya huo ni wa waliovuta mstari. Digrii yenyewe haina kosa.

Baba yake alikuwa fundi wa magurudumu ya mikokoteni, baadaye akawa msimamizi wa visima vya mji wa Esslingen. Alifariki Tobias akiwa na miaka 8. Mama naye akafuata 1737. Kijana akalelewa kwa huruma ya mji, akajifundisha hisabati mwenyewe kutoka vitabu vya kuazima, na alipofika miaka 16 alikuwa amechora ramani ya Esslingen iliyokuja kuchongwa na kuchapwa Augsburg. Miaka 18 hivi, akatoa kitabu chake cha kwanza cha jiometri. Hakuwahi kusoma chuo kikuu hata siku moja.

Mwaka 1746 alichukuliwa na kampuni kubwa ya ramani mjini Nuremberg. Kampuni hiyo ilianzishwa 1702 na Johann Baptist Homann, ambaye Kaisari Karl VI alimpa cheo cha mwanajiografia wake. Homann alifariki 1724, lakini jina lake liliendelea kuuza, na warithi waliendesha karakana. Hapo ndipo tunapoiona ramani ilivyokuwa inatengenezwa kweli. Mchongaji alichonga kila mto na kila jina juu ya bamba la shaba nyekundu, kinyumenyume, kama unavyojisoma kwenye kioo. Bamba likapakwa wino, likafutwa, karatasi yenye unyevu ikagandamizwa juu yake, kisha mtu mwingine akaketi na brashi kupaka rangi mipaka, nakala moja moja. Bamba lilikuwa mali ya thamani, na kulichonga upya ni gharama. Kwa hiyo kosa likishaingia kwenye shaba, liliweza kudumu kizazi na kizazi, na washindani wakilinakili, linaonekana kama ukweli uliothibitishwa na watu wengi.

Dhana kwamba mchora ramani ni msafiri inavunjikia hapa. Wengi wao walikaa mezani. Walikusanya barua za wasafiri, ramani za wenzao, orodha za masafa ya njia za posta, wakajaribu kupatanisha. Mayer alikuwa miongoni mwa hao wa mezani, na alichora ramani nyingi pale Nuremberg. Tofauti yake ni kwamba alianza kukagua vyanzo, na alichokikuta kilimtisha. Hata kwa miji maarufu ya Ujerumani, ni michache tu iliyowahi kupimwa latitudo yake kwa uangalifu, na ya longitudo ndiyo kabisa.

Mwaka 1750 akachapisha kazi ambayo mimi naiona ndiyo ya ujasiri kuliko zote za duka lile. Alichukua karatasi moja, akachora Ujerumani mara tatu juu yake, michoro ikipandana: moja kwa jinsi Mfaransa Delisle alivyoiweka, moja kwa jinsi Homann alivyoiweka, na moja kwa jinsi vipimo vilivyomwelekeza yeye. Pwani moja inaonekana mahali patatu. Aliiita ramani ya uhakiki. Fikiria mwajiriwa anachapisha, kwa mitambo ya mwajiri wake, karatasi inayoonyesha kuwa bidhaa ya mwanzilishi wa duka imekosea na imekosea kiasi gani. Na duka likakubali kuiuza.

Kutafuta Nuremberg, akaishia mwezini

Mayer alihitaji kengele ile ya mbinguni, yaani kupatwa kwa mwezi. Tatizo ni kwamba kivuli cha dunia kina ukungu pembeni. Watu wawili wakitazama mwezi mmoja, mmoja atasema umeanza kupatwa sasa, mwingine atasema bado dakika mbili. Dakika mbili ni nusu digrii, na nusu digrii ni kilomita nyingi za makosa. Dawa yake ni kutazama alama ndogo ndogo usoni mwa mwezi, zile kreta, yaani mashimo, na madoa, na kuandika saa ambayo kivuli kinagusa kila moja. Lakini kwa kufanya hivyo unahitaji kujua kila alama iko wapi hasa. Ramani za mwezi zilizokuwepo zilichorwa kwa jicho.

Basi, ili ajue miji ya Ujerumani iko wapi, alilazimika kwanza kupima mwezi. Akafunga kwenye darubini yake kipande cha kioo chenye mistari myembamba, akaanza kazi.

Mwezi haujatulia. Hutuonyesha uso mmoja, ila huutikisa taratibu kama mtu anayeitikia na kukataa kwa pamoja. Kuutambua mtikisiko huo, Mayer alichagua kreta moja iitwayo Manilius na kuipima tena na tena kati ya 1748 na 1749, hadi akawa na vipimo 27. Alitafuta namba tatu asizozijua. Mwanafunzi wa sekondari anafahamu kwamba namba tatu zisizojulikana zinahitaji milinganyo mitatu. Yeye alikuwa nayo 27, na kwa kuwa kila kipimo kina kosa lake dogo, haikukubaliana. Wataalamu wengi wa enzi hizo wangechagua mitatu waliyoiamini na kuitupa iliyobaki, wakihofu kwamba kuchanganya vipimo ni kuchanganya makosa.

Mayer alifanya kama mama muuza mchele anayeushuku mzani wake. Mama huyo hapimi mara moja akaapa. Hupima gunia lilelile mara kadhaa, mara likizidi mara likipungua, kisha hushika kati. Mayer aligawa milinganyo yake makundi matatu ya tisa tisa yanayofanana, akajumlisha kila kundi likawa mlinganyo mmoja, akabaki na mitatu. Makosa ya kuzidi na ya kupungua yakamezana humo ndani. Leo kila anayeshughulika na takwimu hufanya kazi yenye asili hiyo, na waandishi wa historia ya takwimu humtaja kwa heshima. Kilichoanzisha yote ni shimo moja mwezini.

Ramani yake ya mwezi, yenye upana wa sentimita 20 hivi, haikuchapishwa hadi 1775, baada ya kifo chake. Ndiyo ya kwanza iliyojengwa juu ya vipimo vya kweli vya mahali pa kila alama.

Mshale wa saa ya mbinguni

Kupatwa kwa mwezi hutokea mara chache, na baharia aliye katikati ya maji hawezi kusubiri miezi sita. Bunge la Uingereza lilikuwa limeweka zawadi tangu 1714: pauni 20,000 kwa atakayewezesha meli kujua longitudo yake kwa kosa lisilozidi nusu digrii.

Hapa pana dhana nyingine ya kurekebisha. Husimuliwa mara nyingi kwamba fumbo la longitudo lilifumbuliwa na saa ya John Harrison, fundi saa wa Kiingereza, basi. Saa yake ilikuwa ya ajabu kweli. Lakini saa za namna hiyo zilikuwa chache na ghali, na kwa miongo kadhaa mabaharia wengi walitegemea saa nyingine ya bure inayoning'inia juu ya vichwa vyao.

Tazama mwezi usiku ukiwa karibu na nyota angavu, kisha rudi baada ya saa moja. Utakuta umesogea mbele ya nyota kwa kiasi cha upana wake wenyewe hivi. Mwezi ni mshale, nyota ni namba za saa. Ukipima umbali kati ya mwezi na nyota, na ukiwa na jedwali linalosema huko Greenwich umbali huo utafikiwa saa ngapi, umepata saa ya Greenwich ukiwa katikati ya bahari. Ugumu ni kwamba mshale huu unakwenda polepole. Dunia hujizungusha kama mara 27 ya kasi ya mwezi kati ya nyota, kwa hiyo jedwali likikosea mahali pa mwezi kwa sehemu ya 60 tu ya digrii, meli itakosea karibu nusu digrii. Nusu digrii ndiyo mpaka wenyewe wa zawadi. Na mwezi, ukivutwa huku na dunia na kule na jua, ulikuwa umemsumbua hata Newton.

Mwaka 1751 Mayer alihamia chuo kikuu cha Göttingen kuwa profesa, kijana yuleyule ambaye hakusoma chuo. Akaandikiana barua na Leonhard Euler, bingwa wa hisabati wa zama zile, akachukua nadharia yake na kuinyoosha kwa vipimo vingi. Göttingen ilikuwa chini ya mtawala wa Hanover, ambaye ndiye huyohuyo Mfalme George II wa Uingereza, na kwa njia hiyo majedwali ya mwezi yakapelekwa London 1755. James Bradley, mtaalamu wa nyota wa mfalme, akayalinganisha na vipimo vya Greenwich. Makosa aliyoyakuta yalikuwa karibu na ile sehemu moja ya 60.

Mayer hakuiona zawadi. Vita vya Miaka Saba vilifika Göttingen, jeshi la Ufaransa likaukalia mji, na homa ikamchukua tarehe 20 Februari 1762, siku tatu baada ya kutimiza miaka 39. Nevil Maskelyne, mtaalamu wa nyota wa Kiingereza, alikuwa ameyajaribu majedwali hayo baharini akielekea kisiwa cha St Helena 1761, na ndiyo yaliyokuwa msingi wa kalenda ya kwanza ya mabaharia ya Uingereza, ya mwaka 1767. Nahodha James Cook alizunguka dunia katika safari yake ya kwanza, 1768 hadi 1771, bila saa ya Harrison, akipima mwezi. Mwaka 1765 Bunge la Uingereza likamlipa mjane wa Mayer, Maria Victoria, pauni 3,000. Euler alipata 300, Harrison 10,000.

Kilichofika Maskati

Katika miaka yake ya mwisho Mayer alikuwa na mwanafunzi mmoja, Carsten Niebuhr, mtoto wa wakulima, aliyechaguliwa kwenda Uarabuni na msafara wa mfalme wa Denmark. Mayer alimfundisha kupima mwezi na nyota, na chombo cha Niebuhr cha kupimia pembe, chenye umbo la robo ya duara, alikigawa alama za digrii kwa mkono wake mwenyewe.

Msafara wa watu sita uliondoka Copenhagen Januari 1761. Homa ikawapukutisha. Wawili walifia Yemeni mwaka 1763, wawili wakafia melini wakielekea India, wa tano akafia Bombay. Akabaki Niebuhr peke yake, akivaa kama wenyeji na kula walichokula, akiendelea kuandika namba kila jioni. Ramani zake za Yemeni na Bahari ya Shamu ziliaminiwa kwa miaka mingi baada yake.

Januari 1765 alitia nanga Maskati. Oman ilikuwa chini ya Imam Ahmad bin Said, mwanzilishi wa ukoo wa Al Busaid, ambaye mjukuu wake Said bin Sultan angekuja kuhamishia makao yake Unguja. Mjane wa Göttingen alikuwa bado hajalipwa. Na katika mizigo iliyoteremshwa pale bandarini kilikuwemo kile chombo cha robo ya duara, alama zake za digrii zikiwa ni zilezile alizozichora mtu aliyekwisha kuzikwa karibu miaka mitatu kabla.